Simiti na Vumbi la Mbao: Jinsi ya Kuifanya Ishike Bila Kupoteza Gunia

Ukipita Elburgon, Njoro au Molo utaona vumbi la mbao limerundikwa nyuma ya viwanda vya kupasulia mbao. Ukiteremka hadi Chemelil na Muhoroni, rundo ni la makapi ya miwa. Wengi wamelitazama rundo hilo wakawaza kulichanganya na simiti wapate tofali jepesi, ukuta wa kugawanya chumba, au sakafu ya banda la kuku isiyokuwa baridi kama jiwe. Wazo ni zuri na kazi hii inawezekana. Lakini wengi walioijaribu waliishia pabaya: mchanganyiko unamwagwa jioni, asubuhi bado ni tope, na siku ya tatu unaufikicha kwa kidole ukawa unga. Hapo lawama zote humwendea mwenye duka, kwamba ameuza simiti ya bandia.

Mara nyingi gunia halina kosa. Kilichoizuia simiti kushika ni kile mti ulichoachilia ndani ya maji, na hicho unaweza kukipima nyumbani kabla hujafungua gunia la pili. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukipima, kukipunguza, na kuisaidia simiti ishike.

Kinachotokea ndani ya karai

Simiti haishiki kwa sababu imekauka. Inashika kwa sababu chembe zake zinaungana na maji na kuota vijisindano vidogo sana vinavyofumana, na wakati huo inatoa joto. Sukari ikiwemo, inajibandika pale ambapo vijisindano hivyo vinataka kuanza kuota, ikavizuia. Maji yapo, simiti ipo, lakini kazi haianzi.

Kiasi cha sukari kinachotosha kuharibu ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Asilimia 0.05 ya uzito wa simiti inachelewesha kushika kwa saa kadhaa. Kwa gunia la kilo 50 hiyo ni gramu 25, yaani vijiko vya chai kama sita. Ikifika asilimia 0.2, ambayo ni gramu 100 kwa gunia, simiti inaweza kukataa kushika kabisa. Sasa fikiria makapi ya miwa. Hata baada ya kukamuliwa kiwandani, hubaki na sukari kama asilimia 2. Ukichanganya kilo 1 ya makapi hayo na kilo 5 za simiti, umetia gramu 20 za sukari, sawa na asilimia 0.4. Ndiyo maana makapi mabichi hayafai hata kujaribiwa, na yale ya viwanda vidogo vya sukari guru ni mabaya zaidi kwa kuwa mashine zao hazikamui sana.

Mbao zina sukari kidogo kuliko miwa, lakini zina mambo mengine mawili. La kwanza ni tanini, ile rangi chungu ya kahawia inayotumika kutengeneza ngozi. La pili ni kwamba simiti mbichi ina ukali wa chokaa, pH yake hupita 12, na ukali huo unaendelea kuimega mbao na kutoa sukari mpya hata baada ya kuchanganya. Kwa hiyo kuosha peke yake kunasaidia lakini mara nyingine hakutoshi. Inabidi ufanye yote mawili: upunguze uchafu wa mti, na uiharakishe simiti ishike kabla uchafu mpya haujaongezeka.

Hatua ya kwanza: chagua vumbi, usizoe tu

Saipresi na paini, ambazo ndizo mbao nyingi za ukanda wa Nakuru, kwa kawaida zinapatana na simiti kuliko blugamu. Miti ya mbao ngumu kwa jumla huachilia sukari kwa urahisi zaidi inapokutana na ukali wa simiti. Akasia nyeusi, ule mti ambao gome lake liliuzwa miaka mingi Eldoret kwa kazi ya ngozi, uache kabisa, kwani tanini yake ni nyingi mno.

Kwenye kiwanda kimoja hupasuliwa miti ya aina nyingi, na vumbi lote linaangukia shimo moja. Muulize mwendesha msumeno siku anayopasua saipresi tupu, uende na magunia yako siku hiyo. Ukifika, angalia mambo matatu. Magome yasiwemo, maana yana tanini kuliko mbao yenyewe. Vumbi lisiwe limeoza wala kuota ukungu. Mbao iliyooza ina sukari nyingi kuliko iliyo nzima kwa sababu kuvu wameshaimegamega. Na lisiwe jembamba kama unga wa ngano. Chembe za ukubwa wa kati ya milimita 1 na 6 ndizo nzuri. Pepeta kwa wavu wa dirisha, kinachopita kiache. Maranda marefu ya randa yanafaa kwa vibao vya dari, hayafai kwa matofali.

Vumbi lililokaa wiki kadhaa kavu chini ya paa ni bora kuliko lililotoka msumenoni leo, kwa sababu sukari huru hupungua kadiri mbao inavyokaa.

Hatua ya pili: jaribio la makopo

Hii ndiyo hatua ambayo ningekusihi usiiruke hata kama una haraka. Inakugharimu simiti isiyozidi kilo 2 na usiku mmoja.

Chukua vumbi lako kilo 1, litie kwenye ndoo, mimina maji safi mpaka lifunikwe, acha hadi asubuhi. Chuja maji hayo kwa kitambaa. Kwanza yatazame. Ya saipresi kavu hutoka na rangi hafifu ya njano. Ya blugamu mbichi hutoka mekundu kama chai ya rangi. Weka kiasi kidogo kwenye glasi, tumbukiza msumari wenye kutu, ngoja saa chache. Maji yakigeuka kuwa na weusi wa wino, tanini ni nyingi na usiendelee na vumbi hilo bila kuliosha kwa maji ya moto.

Msumari hauonyeshi sukari, kwa hiyo endelea na makopo. Tafuta makopo matatu yanayolingana, na simiti ya gunia lile lile utakalotumia kwenye kazi. Pima gramu 500 za simiti kwa kila kopo. La kwanza lichanganye na maji safi mpaka upate uji mzito unaokaa kwenye mwiko bila kutiririka, na uandike umetumia maji kiasi gani. La pili litie maji kiasi kile kile, lakini yawe yale uliyochuja kwenye vumbi. La tatu litie simiti, maji safi, na konzi mbili za vumbi lenyewe likiwa limelowa. Andika saa juu ya kila kopo. Yaweke kivulini, yafunike kwa plastiki.

Kila baada ya nusu saa, bonyeza uso kwa ncha ya msumari bila kutumia nguvu. Simiti ya kawaida ya daraja 32.5 (namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye gunia) haitakiwi kuanza kushika kabla ya dakika 75, kwa hiyo usiwe na wasiwasi saa ya kwanza. Ukiona msumari hauingii tena kwenye kopo la kwanza, andika saa. Hilo ndilo kopo lako la kulinganishia. Likichelewa nalo, basi tatizo liko kwenye simiti yenyewe au maji yako, na hapo ndipo una haki ya kurudi dukani.

Kopo la pili na la tatu yakichelewa kwa saa moja au mbili tu, vumbi hilo linafaa kwa kuoshwa kidogo. Yakichelewa mpaka usiku lakini asubuhi yakawa magumu, osha vizuri na utumie kiharakishi, yaani dawa ya kuiharakisha simiti ishike (tazama hatua ya nne). Asubuhi yakiwa bado yanaingia kidole, tafuta vumbi jingine. Maabara hutumia kipimo cha joto kwa kazi hii hii: gramu 200 za simiti, gramu 15 za mbao kavu, na mililita 90 hivi za maji ndani ya chupa isiyopitisha joto. Joto likipanda zaidi ya nyuzi 60, mti unafaa. Likibaki chini ya 50, haufai. Unaweza kufanya hivyo kwa chupa ya chai ya zamani, ila uji uutie kwenye mfuko wa plastiki kwanza, na kipimajoto kipite ndani ya mrija wa soda, ama sivyo vyote vitagandia humo. Kipimajoto cha homa hakifai, kinaishia nyuzi 42. Na viwango hivyo vya 60 na 50 ni vya simiti tupu. Magunia mengi ya bei nafuu hapa Kenya yamechanganywa na majivu ya volkano, nayo hutoa joto kidogo, kwa hiyo linganisha na chupa isiyo na mbao badala ya kushikilia namba.

Tukiwa kwenye gunia: soma maandishi ubavuni. Palipoandikwa CEM IV na 32.5N, hiyo ni simiti yenye majivu mengi, nzuri kwa lipu na kazi za kawaida, lakini inaanza polepole. Kwa kazi ya mbao chukua 42.5, na ukipata CEM I, yaani simiti tupu isiyo na majivu, bora zaidi. Bei inazidi, lakini huo mwanzo wa haraka ndio unaoutafuta.

Hatua ya tatu: kuosha

Maji baridi: loweka vumbi saa 24 kwenye pipa, mwaga, suuza, loweka tena. Rudia mpaka maji yatoke karibu meupe. Kwa saipresi kavu hii mara nyingi inatosha.

Maji ya moto ni ya blugamu na miti mchanganyiko. Chemsha pipa la maji, tia vumbi, acha kwenye moto mdogo kwa saa moja au mbili ukikoroga, mwaga, kisha suuza kwa maji baridi mara mbili. Kuni si tatizo kama uko karibu na kiwanda cha mbao. Makapi ya miwa yachemshe kila mara, na kabla ya hapo yapepete yatoke ule unga laini wa katikati ya muwa, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Maji ya kuoshea usiyaelekeze mtoni. Yana tanini na sukari, na mito yetu hii inaishia Ziwa Nakuru, Ziwa Baringo au Ziwa Victoria. Chimba shimo yazame taratibu, mbali na kisima.

Ukimaliza, tandaza vumbi kwenye turubai mpaka ukilifinya mkononi lisitoe tone lakini ulihisi unyevu. Usilikaushe kabisa. Vumbi kavu likiingia kwenye mchanganyiko hunywa maji ambayo simiti inayahitaji.

Hatua ya nne: dawa za kuharakisha, na zile za kukwepa

Kloridi ya kalsiamu ndiyo inayofanya kazi vizuri zaidi na mbao. Hupatikana kwenye maduka ya kemikali ikiwa vipande vyeupe bapa. Tia asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa simiti, yaani kilo 1 hadi 1.5 kwa gunia la kilo 50. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya kuchanganyia, ukiitia vipande ndani ya maji kidogo kidogo, maana hutoa joto la kuunguza. Vaa glavu na ulinde macho. Usiimwage kavu juu ya simiti, haitasambaa sawasawa. Sharti lake ni moja na halina msamaha: usiitumie popote penye vyuma vya nondo au waya. Kloridi hula chuma kikiwa ndani ya simiti, na utakuja kujua miaka mitano baadaye ukuta ukipasuka. Chumvi ya jikoni ina ubaya huo huo na faida yake ni ndogo.

Penye chuma, tumia nitrati ya kalsiamu. Wakulima wa maua na nyanya wanaijua, huuzwa agroveti kama mbolea ya kuyeyusha kwenye maji. Kilo 1 kwa gunia, iyeyushwe kwenye maji ya kuchanganyia. Utasikia harufu kidogo ya amonia, kwa hiyo fanyia kazi nje. Hapa nasisitiza jambo moja kwa sababu mifuko inafanana: usichanganye hiyo na CAN. CAN ni ya kukuzia mahindi na ndani yake mna nitrati ya amonia nyingi, ambayo hushambulia simiti. Ukiitia kwenye mchanganyiko wa simiti harufu itakufukuza, na tofali halitadumu.

Chokaa nayo inasaidia, hasa kwa vumbi la saipresi na paini. Tumia chokaa iliyozimwa, ile nyeupe laini ya kupaka ukuta. Koru, kule kwa njia ya Muhoroni, inatengenezwa. Kipimo ni theluthi moja hadi nusu ya ujazo wa simiti. Chokaa ya shamba haifanyi kazi hii hata ikifanana kwa macho, kwa kuwa ni mawe yaliyosagwa bila kuchomwa.

Magadi ya kupikia yanaweza kufanya simiti ishike kwa dakika chache, kabla hujamaliza kumimina, na nguvu inapungua. Sabuni ambayo mafundi wengine hutia ili lipu iteleze kwenye mwiko huingiza mapovu. Haina nafasi kwenye kazi hii. Maji ya ufuo wa Kisumu yenye mwani wa kijani nayo huingiza hewa namna hiyo hiyo. Tumia maji ya bomba au ya mvua.

Kiharakishi chochote utakachochagua, rudia jaribio la kopo la tatu ukikitumia na vumbi lililooshwa. Hapo ndipo utajua umefaulu.

Hatua ya tano: kuchanganya na kumimina

Kipimo kizuri cha kuanzia ni ndoo moja ya simiti, ndoo moja ya mchanga, na ndoo moja ya vumbi lililooshwa. Gunia la kilo 50 lina ujazo wa karibu lita 35, sawa na debe moja na robo tatu. Ukitaka jepesi zaidi, ongeza vumbi hadi ndoo mbili, ukikubali kwamba nguvu itashuka.

Changanya simiti na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja. Ongeza vumbi lenye unyevu, geuza kwa sepetu mara kadhaa. Kisha maji yenye kiharakishi, kidogo kidogo. Chukua konzi moja uifinye: inatakiwa ibaki na umbo la vidole vyako na kiganja kilowe bila kudondosha. Ikichuruzika, maji yamezidi. Vumbi hudanganya, linaonekana kavu kisha linaachilia maji likigandamizwa, kwa hiyo acha kuongeza maji mapema kuliko ulivyozoea kwenye kokoto.

Jaza fomu, yaani kiunzi cha kumiminia simiti, kwa tabaka mbili au tatu, ukishindilia kila tabaka. Usitoe tofali kwenye fomu kwa saa 24, na Molo au Mau Narok ambako usiku ni baridi, ngoja saa 48. Simiti yoyote hupunguza mwendo joto likishuka chini ya nyuzi 10, na yenye mbao ndani inaumia zaidi. Kisumu joto linakusaidia kushika, lakini jua linakausha uso kabla ya ndani; fanya kazi chini ya kivuli na ufunike kwa nailoni mara moja.

Mwagilia siku 14 bila kuruka, ukiwa umetumia simiti yenye majivu ongeza wiki mbili. Kisha yaache yakauke polepole kivulini kwa wiki kadhaa kabla ya kujenga, kwa sababu tofali la vumbi hupungua likikauka na hutanuka likilowa. Kwa sababu hiyo halifai msingi, bafu, wala ukuta wa nje usiopigwa lipu, na halibebi ghorofa. Linafaa kugawanya vyumba, kuzuia joto chini ya mabati, na sakafu za banda. Linapigiliwa msumari bila kupasuka, jambo ambalo tofali la mawe haliwezi.

Mbao za fomu nazo

Hata asiyetaka kutia mbao ndani ya simiti hukutana na shida hii. Mbao mpya za fomu zikigusa simiti mbichi, sukari na tanini huingia kwenye uso wake. Ukizibandua unakuta uso una madoa ya kahawia, na ukipitisha kiganja unatoka na vumbi jeupe. Ndani ni pagumu, ni ngozi ya juu ya milimita moja au mbili ndiyo haikushika. Mbao zilizoachwa wiki kadhaa juani zikisubiri pesa za slabu huwa na shida hii zaidi, kwa kuwa jua humegua uso wa mbao.

Dawa yake ni rahisi. Paka mbao mpya uji mwepesi wa simiti au chokaa, uache ukauke siku moja, uusugue kwa brashi ngumu, kisha paka oili ya fomu kama kawaida. Mbao zilizotumika mara mbili au tatu hazihitaji hilo tena. Kama umekwisha kubandua na uso unatoa vumbi, usiharakishe kupiga lipu juu yake. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa kwa wiki moja, maana simiti iliyocheleweshwa na sukari mara nyingi huendelea kushika ikipewa maji. Baada ya hapo sugua kwa brashi ya waya mpaka ufike pagumu, osha, pakaa uji wa simiti, na upige lipu uji huo ukiwa bado mbichi.